Nimepata nafasi ya kwenda Denmark kuelezea elimu ya watu wazima ya kwetu, nikaseme nini?

mwalimu_wa_mwalo (Kigoma)
Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa la jioni la kina mama pale Kibirizi, wengi wanauza dagaa, wengine wamevuka kutoka Kongo na Burundi. Sasa kuna mafunzo Denmark, mnakaa bweni kwenye shule yao moja ya wananchi (folk high school) pamoja na walimu wa nchi nyingi, na kila mmoja anapewa dakika 20 aeleze elimu ya watu wazima kwao ikoje. Hapo ndo nimekwama. Darasa langu mabenchi ya kuazima, ubao umepasuka, mwanafunzi leo yupo kesho unaambiwa yuko Kalemie, Kongo, kafuata deni lake. Ratiba yenyewe vituko, si mnajua dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, basi giza likiingia sina mtu, mbalamwezi ikiwaka maboti yanapaki na darasa linajaa mpaka nje. 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 walikuja mpaka nikakosa chaki. Sasa hayo ndo ya kwenda kuwaambia wazungu? Au nibebe tu takwimu za nchi nisome nikae?

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)
Mwangaluka mwanangu. Takwimu watazipata wenyewe. Wewe waambie kwamba nchi hii Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na sisi vijana tuliomaliza shule tukapewa makundi ya ngumbaru, watu wazima wasiojua kusoma, tufundishe chini ya miembe, baba yako mzazi anakaa mbele yako na kijiti anaandika kwenye mchanga. Halafu 1973 ikaja Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni. Wiki 12, watu kama milioni 2 nchi nzima, redio moja kundi zima. Kipindi kikiisha hamuondoki, kiongozi anafungua kijitabu anasoma, mnabishana, na ubishi ulikuwa wa kweli maana mzee mmoja hapa alikataa katakata kwamba mbu analeta homa, akasema yeye kaumwa na mbu tangu azaliwe. Mkikubaliana, kesho mnashika majembe mnachimba vyoo. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa kama watu wazima wawili katika kila watatu, kufika 1986 wakabaki kama mmoja katika kumi. Baadae hela zikakata na mambo yakalala, hilo nalo useme usifiche.

binti_urambo
Shkamoo mzee. Mkuu mimi nimesoma ushonaji chuo cha maendeleo ya wananchi hapa Urambo. Hivi vyuo vilianza 1975 na wazo lilichukuliwa Sweden, na Sweden nao walilitoa hukohuko unakoenda, shule ya kwanza ya aina ile ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa mawazo ya mchungaji wao mmoja anaitwa Grundtvig. Sasa sikiliza utamu wake, zile shule za mwanzo zilikuwa zinachukua vijana wa wakulima msimu wa baridi shamba likiwa limelala, kazi ikianza wanarudi kwao. Umeona? Yani wao walifuata theluji wewe unafuata mwezi, hiyo ratiba unayoionea aibu ndo mada yako. Anza nayo dakika ya kwanza. Afu mkutano wa kwanza wa UNESCO wa elimu ya watu wazima ulifanyika Helsingør, Denmark hiyohiyo, 1949, na kuja kufanyika Afrika ni mpaka Marrakech 2022 😅 hilo wachomekee kistaarabu

kavukavu
Mnampamba tu hapa. Hizo shule zao hazina mtihani wala maksi kwa sababu kijana wao anaenda akiwa ana vyeti vyake tayari, anapumzisha akili kabla ya chuo. Mama wa Kibirizi asome mwaka mzima atoke bila karatasi, nani atamsikiliza? Binafsi naona mwalimu akawaulize hilo badala ya kwenda kusifiwa. Na akirudi awaonyeshe wanafunzi wake milango iliyopo, kuna QT, mtihani wa kufuzu kwa aliyekosa sekondari, unafanya kisha unaingia form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, na fundi aliyejifunzia mtaani, VETA (mamlaka ya ufundi stadi) wanampima kazi yake wanampa cheti, wanaita urasimishaji ujuzi.

binti_urambo
Kavukavu point yako naichukua nusu. Mimi cheti ninacho, wateja hawajawahi kukiuliza, wanaangalia mshono. Ila benki waliuliza 😂

kasulu_moja
Mnasahau hao waliovuka. Huku Nyarugusu kambi ya wakimbizi ipo tangu 1996 na watoto wanasoma mtaala wa kwao, Wakongo kwa Kifaransa, kwasababu karatasi ya kwetu akirudi kwao inamsumbua. Sasa kwa mama wa Uvira, Kongo, cheti cha nchi gani? Huyo anachotaka ni asiibiwe kwenye hesabu.

mwalimu_wa_mwalo
Asanteni sana, shkamoo mzee. Kasulu umegusa penyewe. Kuna mama hapa ana daftari la madeni, ukurasa mmoja una jina la mteja, ndoo ngapi, bei kwa faranga ya Kongo, pembeni kwa shilingi, na kurasa za mwanzo kabla hajajua kuandika kachora visamaki, kila ndoo samaki mmoja, ndoo iliyolipwa samaki wake kamkata kichwa. Nimemuomba nipige picha kakubali ila kasema majina niyafunike, wadaiwa wake wakali. Nafikiri nitaanza na mwezi, nije kwenye daftari, na la cheti nawarushia wao wajibu. Mzee kile kijitabu cha Mtu ni Afya bado unacho? Nitumie picha watsap.

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)
Marahaba. Kipo, mchwa wamekula kurasa za mwisho. Mjukuu akitoka shule atapiga picha. Na ununue koti, Kibirizi hamna baridi ya kukufundisha.