Blu-ray za mjomba zinagoma kwenye laptopu, draivu inaziona ila muvi haifunguki

Mwana_Chumbageni:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nshahangaika na hili jambo wiki nzima. Mjomba wangu yuko Houston, kahama nyumba akaamua diski zake za Blu-ray (kama DVD ila zenye picha safi zaidi) anipe mimi, zimekuja ndani ya pipa la mizigo zimeviringishwa kwenye mashuka, ziko 11 na hata moja haijavunjika. Shangazi naye yuko Muscat, alipokuja likizo aliniachia 4. Deki ya Blu-ray sina kwa hiyo nikasema ninunue draivu ya nje ya kuchomeka USB, halafu nitoe picha kwenye TV kwa waya wa HDMI. Draivu ya kwanza niliyouziwa kumbe ni ya DVD tu, nikairudisha kwa mbinde. Hii ya pili kweli ni ya Blu-ray.

Sasa nikiweka diski inazunguka vizuri tu, kwenye kompyuta naona folda la BDMV, nikiingia ndani kuna folda la STREAM lina mafaili kibao ya m2ts na moja lina GB 31, nadhani ndo muvi yenyewe. Nikilifungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, hakuna picha ya maana, nikiifungua diski nzima VLC inasema inahitaji maktaba ya AACS. Kwenye boksi la draivu kulikuwa na kadi ya programu ya kuchezea, nimeiweka, diski 3 za shangazi zinacheza safi kabisa na 4 za mjomba nazo zinacheza. Hizo 7 za mjomba zilizobaki zinaleta ujumbe halafu programu inajifunga. Na ile ya 4 ya shangazi yenye boksi jeusi lililoandikwa 4K haisomeki kabisa, draivu inalia tik tik tik mpaka naitoa. Nimezifuta zote kwa kitambaa laini, mikwaruzo hamna. Shida ni diski, draivu au laptopu? Laptopu ni ya Intel kizazi cha 11.

fundi_magomeni:
Mkuu diski zako nzima kabisa na draivu nzima, usimlaumu mtu. Geuza boksi la hizo 7 uangalie nyuma pale chini, kuna kialama kidogo chenye herufi. Kwa Blu-ray dunia nzima imegawanywa kanda 3, na diski iliyofungwa kanda moja haichezi kwenye mashine iliyowekwa kanda nyingine, Marekani na Japani ni A, sisi Afrika pamoja na Ulaya na Uarabuni ni B, Urusi na China na India ni C. Za shangazi zinacheza kwa sababu Muscat na Tanga wote tuko B. Zile 4 za mjomba zilizokubali ni kwamba wenye muvi hawakuzifunga kanda, wengi tu huwa hawafungi.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya na DVD. Kwenye DVD kanda inakaa ndani ya draivu yenyewe, kwenye Blu-ray ya kompyuta anayekagua kanda ni programu. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya hiyo programu utaona imekaa B, weka A. ILA TARATIBU, unaruhusiwa kubadilisha mara 5 tu halafu inaganda hapo ilipo milele. Usiwe unaweka A leo, kesho B kwa ajili ya shangazi, keshokutwa A tena, utaumia. Tazama zote 7 ndo urudi B.

Kuhusu VLC, diski imefungwa kwa kufuli la AACS na VLC haiji na funguo zake, ndo maana umeona lile faili halitoi kitu. Windows nayo haijawahi kuja na uwezo wa kucheza muvi za Blu-ray, inahitaji programu nyingine na mara nyingi ni ya kulipia, na hiyo ya kwenye kadi tayari imeshalipiwa kwa hiyo itunze kadi usiitupe.

Kamau_254:
Lakini bana, si ungedaunlodi tu hizo muvi ama uangalie mtandaoni? Hiyo kazi yote ya kanda sijui kufuli ya nini

BintiMakorora:
Kaka Kamau hebu chukua muvi moja yenye matukio ya usiku uiangalie mtandaoni halafu uiangalie kwenye diski, TV ileile. Mtandaoni weusi unakatika vipande vipande kama vigae, sura ya mtu ikiwa gizani inageuka uji. Netflix kwa picha ya 1080p wanasema intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde inatosha, sasa diski ya Blu-ray picha peke yake inaweza kufika 40. Hiyo tofauti unaiona kwa macho na unaisikia kwenye sauti. Halafu lile faili la GB 31 alilosema mwenzetu, piga hesabu ya bando uniambie, na hiyo ni muvi moja.

Na la pili mimi ndo linaniuma zaidi, muvi ya mtandaoni hata ukiinunua umenunua ruhusa ya kutazama. Desemba 2023 PlayStation waliwaambia watu vipindi vya Discovery walivyovinunua vitaondolewa kwenye akaunti zao, baadaye wakafikia makubaliano vikabaki, lakini watu walishaona. Diski ya mjomba hakuna wa kuja kuichukua kabatini.

mzee_wa_waya:
Niongeze kwenye ile ya 4K. Mdogo wangu hiyo achana nayo kwenye laptopu hiyo, ntakwambia kwa nini. Kwanza diski za 4K zinafika GB 66 mpaka 100 wakati Blu-ray ya kawaida mwisho 50, draivu yako haikutengenezwa kuzisoma ndo maana inalia. Pili hata ukinunua draivu inayozisoma, kuzicheza kihalali kwenye kompyuta kulihitaji kitu kinaitwa SGX ndani ya prosesa ya Intel, na prosesa zilizofaa kwa kazi hiyo ni za kizazi cha 7 mpaka cha 10, kuanzia cha 11 Intel wakakiondoa hicho kitu. Kuna watu walinunua kompyuta mpya kabisa wakakuta ile ya zamani ndo ilikuwa inacheza. Kanda haina shida maana 4K hazina kanda. Tafuta deki yake, hata ya mtumba. Mara nyingi ndani ya boksi la 4K wanaweka na Blu-ray ya kawaida ya muvi hiyohiyo, angalia vizuri upande wa pili.

Na draivu ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye kigawio cha USB, umeme unakuwa mdogo inakatakata.

JuniorTz:
Mbona mnazunguka wakuu, kuna MakeMKV, inatoa muvi kwenye diski inakuwa faili moja, kanda haiulizi

fundi_magomeni:
Ipo na inafanya kazi, ubora unabaki uleule. Ila mjue Marekani sheria ya DMCA ya 1998 inakataza kuvunja kufuli hata kama diski umeinunua mwenyewe, na kila nchi ina sheria yake. Mwenzetu ana kadi ya programu halali, aanze na hiyo.

Mwana_Chumbageni:
Wakuu nimerudi. Nyuma ya zile 7 zote kuna herufi A, sikuwahi hata kuiona. Nimeweka A imeniambia zimebaki mara 4, muvi ya kwanza imefunguka hapohapo. Boksi la 4K nimelikagua, kwa ndani kuna kipande cha plastiki kinafunguka kama ukurasa, nyuma yake kuna diski ya pili ya bluu!! Hiyo nitaisubirisha mpaka nirudi B, sitaki kujaribu sasa hivi nikapoteza nafasi.

Jana tumeangalia ya vita, mama alikuwa jikoni akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi akidhani mvua imeanza kupiga bati. Nimempigia mjomba kumwambia zinacheza, akaniuliza kama na ile ya mwisho ipo, ile yenye kava limechanika pembeni. Ipo, hiyo ni ya Jumamosi.