Tupeane uzoefu: siku uliyomwambia mteja kwamba kosa ni lako

WakiliMoro

Wakuu, habari za jioni. Kwenye korido za mahakama tunasimuliana kesi tulizoshinda tu. Leo naomba tusimuliane nyingine.

Nilikuwa na miaka mitatu tangu niapishwe. Mteja wangu ni mama mmoja wa Kilosa, mgogoro ni shamba la urithi, ekari sita. Tukashindwa Mahakama Kuu. Nikaweka notisi ya rufaa ndani ya siku 30, na ndani ya siku hizohizo nikamwandikia msajili barua kuomba nakala za mwenendo (kumbukumbu za kesi), hukumu na tuzo (amri inayotokana na hukumu). Nakala zikachukua miezi. Zilipotoka nikapewa hati ya ucheleweshaji, inayothibitisha siku nilizosubiri nakala, nikakata rufaa nikiwa na amani kabisa.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili alisimama akasema hakuwahi kuletewa nakala ya ile barua. Nikapekua jalada mbele ya majaji watatu, nikitafuta muhuri wa ofisi yake. Haukuwepo. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inasema wazi: usipompelekea mjibu rufaa nakala ya barua hiyo, siku ulizosubiri mwenendo haziondolewi kwenye hesabu. Siku zangu 60 za kukata rufaa, tangu niweke notisi, zilikuwa zimekwisha zamani. Rufaa ikaondoshwa.

Mama alikuwa benchi la nyuma, amepakata mfuko wa rambo wenye nyaraka zake. Nje akaniuliza, "Baba, wamesemaje?"

Ningeweza kumjibu kwamba mahakama imeona dosari za kiufundi. Angeitikia, angerudi Kilosa akiamini sheria ndiyo iliyomnyima shamba. Nikamwambia, "Mama, kuna barua nilitakiwa kumpelekea mwenzetu. Sikuipeleka. Kosa ni langu." Akanitazama kitambo kirefu, kisha akauliza nauli ya kurudi ni shilingi ngapi.

Nilimrudishia ada yote ya rufaa, nikamkabidhi jalada zima, nikamweleza pia kwamba Kamati ya Mawakili ipo na ana haki ya kunilalamikia. Maombi ya kuongezewa muda aliyaandika wakili mwingine. Nisingeweza kuyasimamia mimi, maana uzembe uliokuwa unaelezwa mle ndani ni wangu.

Karibuni.

Karani_Mwanza

Pole wakili. Mimi ni karani wa ofisi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mteja akiingia na samansi (hati ya kuitwa mahakamani), kabla sijamkaribisha kiti namuuliza: umeipokea lini? Wengi wanataja tarehe iliyopigwa chapa na mahakama. Yupo aliyekuja ameikunja mfukoni siku ya kumi na nane, na hati ya utetezi inatakiwa ndani ya siku 21 tangu kuipokea. Tulikesha. Hati ikapakiwa kwenye mfumo saa tano usiku, namba ya malipo haijaja, bosi anatembea huku na huko. Ilifika, lakini tangu siku ile ofisini kwetu siku ya mwisho ni siku tatu kabla ya siku ya mwisho.

Msomi_Kusini

Langu fupi. Nilimwapisha mteja wangu mwenyewe kwenye kiapo cha shauri ninaloliendesha, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kamishna wa viapo yuko mtaa wa pili. Sheria inakataza. Pingamizi la awali likaja, maombi yakaondoshwa. Mteja alilipa gharama za mvua yangu. Nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu, na nilimweleza kwa nini.

A_Town_Adv

Kwenye usuluhishi mdaiwa alitaja milioni 14. Nikakataa palepale, mteja wangu akiwa safarini. Nilijua tutapata zaidi. Baada ya miaka minne hukumu ikatoka: milioni 9, na kukaza hukumu, yaani kumfanya mdaiwa alipe, ni safari nyingine. Kinachoniuma si zile milioni tano. Ofa ile ilikuwa yake, si yangu, na hakuisikia mpaka nilipomwambia mwenyewe baada ya hukumu. Alikuwa na mtoto wa kupeleka chuo mwaka ule.

DerevaWaMasafa

Mimi si wakili, niko upande wa wateja. Nilikuwa nampigia wakili wangu, jibu "imeahirishwa, nitakwambia". Miaka miwili. Siku moja gari iliharibika Dar, nikaenda masjala mwenyewe. Binti akafungua mfumo, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hili lilifutwa miezi saba iliyopita, wadai hawakuhudhuria." Ningeambiwa wiki ile ile nisingenung'unika hivi. Naomba mtuandikie, hata meseji moja, kila kesi inapotajwa.

WakiliMoro

Kaka Dereva, pole sana. Muda wa kuomba shauri lirejeshwe ni siku 30 tu, na ukichelewa lazima ueleze kila siku iliyopita. Kwa hiyo wakili aliyekaa kimya miezi saba alikuzibia na mlango wa nyuma. Tafuta wakili mwingine wiki hii, usisubiri safari ijayo.

Karani_Mwanza

Wakili, hukutuambia. Maombi ya yule mama yaliishaje?

WakiliMoro

Yalikataliwa. Uzembe wa wakili haukukubalika kuwa sababu ya kutosha. Shamba limekwenda. Siku hizi kila barua ya kuomba mwenendo naipeleka kwa mwenzangu kwa mkono wangu, nasubiri agonge muhuri nikiona, na nakala yenye muhuri nabana ukurasa wa kwanza wa jalada.