Krismasi na joto hili: kitu gani kitamu cha matunda ambacho na mama mkwe mwenye kisukari atakula?

mamaK: Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Krismasi tunaenda kwa wakwe Bagamoyo, tuko kama watu 20 na watoto, na kitu kitamu cha mwisho huwa napeleka mimi. Mwaka jana nilipeleka ile ya keki na kastadi na maziwa ya kopo, ikaliwa mpaka bakuli likafutwa kwa vidole, lakini mama mkwe ana kisukari, yeye akamenyewa chungwa moja akakaa nalo kwenye mkeka anabandua yale maganda meupe taratibuuu huku wajukuu wanamwambia bibi onja basi kidogo. Iliniuma, mpaka leo sijasahau. Mwaka huu nataka kitu kimoja tule wote na yeye, cha matunda, bila kumwaga sukari, ila kionekane cha sikukuu, sio tikiti la kukata kwenye sinia maana hilo ni la kila siku. Embe ndo msimu wake, nanasi za Kiwangwa zimejaa. Tatizo umeme kule unakatika, friji siitegemei. Na jeli ya jelatini nilijaribu kuweka nanasi bichi ikabaki maji usiku kucha.

shangazi_tanga: Mwanangu hujakosea, ni nanasi lenyewe. Bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na jelatini ni protini, haigandi hata ulale nayo siku tatu. Papai hivyohivyo. Ukilichemsha kwanza inaganda, ila kwa joto la Disemba jelatini achana nayo tu, ukiitoa nje inayeyuka. Chukua chaina grasi, ile nyeupe ya vikamba tunayopikia Ramadhani, inatokana na mwani. Gramu 10 kwa lita moja, roweka nusu saa, chemsha mpaka usione kikamba hata kimoja. Inaganda ikishapoa kufika kama nyuzijoto 35, friji ya nini, na ikiganda haiyeyuki tena mpaka uirudishe jikoni. Igawe mara mbili: ya chini changanya na embe dodo, ya juu na tui zito la nazi na iliki na chumvi ya kuonja tu. Ukitaka ndimu au pasheni tia baada ya kuepua, ukichemsha nayo inakuwa legelege.

nesi_wa_zamu: Nzuri sana, ila embe usilisage lote, nusu liache vipande. Na usiweke asali wala tende ukidhani hizo sio sukari. Bibi ale kipande kidogo baada ya chakula, wali siku hiyo apunguze, dawa zake asiruke, na kama kuna kipimo nyumbani apime. Kiasi chake muulizeni daktari anayemwona kliniki.

babaT: Krismasi ni mara moja kwa mwaka, mpeni keki bibi wa watu afurahi

mamaK: Kaka, ameshalazwa kwa ajili ya sukari, kwetu hiyo mara moja hatuithubutu.

mamaK: Nimerudi. Jana nimejaribu, umeme ulikatika saa nane mchana nikaiacha mezani kwenye sinia nimefunika na kitambaa, saa tisa na nusu nagusa na kidole imeganda!! Njano chini, nyeupe juu, nikamwagia mbegu za pasheni na majani ya mnanaa, watoto walidhani nimenunua. Ila nilipokata, tabaka la tui likateleza likaachana na embe, kila kipande kikawa viwili. Shangazi hapo nifanyeje?

shangazi_tanga: Ulisubiri embe ipoe kabisa. Mimina tui la moto embe ikiwa imeanza kushika juu lakini bado ina uvuguvugu, na kwanza ichoreche choreche na uma ili vishikane. Mimina kwa upawa, polepole, usije ukatoboa.

mamaK: Asante sana shangazi. Jumamosi narudia, dodo nimeshaweka nne dirishani ziive.