Moshi wa kiwanda cha betri Mukuru: tunaanzia wapi?

Jirani_Reuben: Wadau, habari zenu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kimepakana na nyumba zetu Mukuru kwa Reuben. Usiku moshi unawasha koo, na vumbi la kijivu linatua kwenye mabati tunakokinga maji ya mvua. Tunaambiwa hatuwezi kushtaki kwa sababu hatuna hati za ardhi, wala hakuna aliyethibitishwa kuugua. Ni kweli?

Msaidizi_wa_Sheria: Si kweli, ndugu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, hata mpangaji wa chumba cha mabati. Kifungu cha 70 kinasema mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia. Mkidai fidia, hapo ndipo vipimo vitatakiwa.

Anzeni na karatasi. Andikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mkiomba nakala ya leseni ya tathmini ya mazingira, leseni ya taka hatari na ripoti za ukaguzi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Wana siku 21 za kujibu. Bila muhuri hamtakuwa na cha kuonyesha kwamba siku zimepita. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma.

Afya_Mtaani: Watoto wadogo na wajawazito wapimwe kwanza madini ya risasi (lead), yanayotoka kwenye betri hizo, katika damu. Damu ya kidole huchanganyika na vumbi la ngozi na kutoa kiwango cha uongo, kwa hiyo majibu yathibitishwe kwa damu ya mshipa. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita.

Udongo uchotwe sentimita 2 za juu tu: ukutani mwa kiwanda, watoto wanapocheza, na mahali pa mbali pa kulinganishia. Kila mfuko uandikwe mahali, tarehe, saa, aliyechota na aliyeufikisha maabara. Hapo ndipo kesi nyingi hulegea, maana wakili wa kiwanda atauliza mfuko ulilala kwa nani.

Na tafadhali, hayo maji ya mabati msinywe. Kuchemsha hakuondoi risasi. Nyumba ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu.

Jirani_Reuben: Asanteni sana. Na pesa za kesi?

Msaidizi_wa_Sheria: Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya haki za kikatiba. Wakili na maabara ndio gharama, basi shtakini kwa pamoja. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikuwa na kiwanda cha aina hiyohiyo. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Nanyi msiombe kufungwa kwa kiwanda peke yake. Ombeni pia amri ya kusafisha udongo, kwa sababu mwenye kiwanda anaweza kuhamisha mitambo usiku mmoja na risasi ikabaki pale watoto wanapocheza.