Land Cruiser pikapu (HZJ79) imelala pua: spesa, koili nzito au mifuko ya upepo?

MzigoNatron
Wakuu, heshima kwenu. Nina HZJ79, injini ile ile 1HZ, kazi yake kupeleka chakula, mafuta na maji ya kambi kutoka Arusha hadi Ngaresero. Tangu nifunge ngao ya chuma na winchi, pua imelala. Nikivuka korongo dogo tu, raba za kizuizi zinagonga ekseli. Shokapu ni zile zile lilizokuja nazo. Fundi mmoja wa Unga Limited anataka aniwekee spesa, kile kipande cha kujazia, juu ya koili. Mwingine anasema ninunue seti nzima, koili na shokapu. Jirani yangu naye ana mifuko ya upepo ndani ya koili za nyuma za Prado yake, haishi kuisifia. Hela iliyopo inatosha jambo moja. Nawasilisha.

FundiKoili
Spesa achana nayo mkuu. Inainua gari, lakini haiongezi nguvu ya koili hata kidogo. Koili iliyochoka unakuwa umeipandisha kwenye kigoda tu. Halafu inakula nafasi ya shokapu. Gari likiwa limesimama, shokapu tayari imeshavutika, kwa hiyo gurudumu likidondoka shimoni inafika mwisho na kujigonga. Fanya hivyo kila siku kwenye njia ya Natron uone kama pini zitadumu.

Dereva_Mstaafu
Napingana kidogo. Spesa nyembamba ya milimita 10 upande mmoja, kusawazisha gari linalolalia kwa dereva, haina ubaya wowote. Ubaya ni zile nene za kuinulia gari ili lipendeze.

FundiKoili
Hapo tuko pamoja mzee wangu.

Chalbi_254
Niko Marsabit, naendesha 79 pia. Ndugu, kabla hujanunua chochote pima uzito wa ekseli ya mbele peke yake. Tafuta mizani ya magari, panda na magurudumu ya mbele tu, uandike. Pima gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakia. Watu wananunua koili kwa kusikia jina, wakati zinauzwa kwa daraja la uzito: gari lisilo na ngao, lenye ngao, lenye ngao na winchi. Ukichukua ngumu kupita kiasi, pua itarukaruka na usukani utakuwa mwepesi kwenye changarawe.

Jambo la pili. Huku kwetu kinachomaliza gari ni joto. Barabara ikiwa na mawimbi, shokabsoba (hizo mnazoita shokapu) inafanya kazi bila kupumzika, mafuta ndani yanachemka na kutoa povu, na povu haliwezi kuzuia springi. Ukitoka kwenye kipande kibaya simama, sogeza kiganja karibu na kila moja bila kuishika, zinaunguza. Ile iliyo baridi wakati wenzake wana moto, hiyo imekufa.

MzigoNatron
Asante sana. Nimepima leo kwenye mizani ya machimbo ya kokoto. Kilichonishangaza: nikishapakia, ekseli ya mbele inakuwa nyepesi kuliko gari likiwa tupu!

FundiKoili
Mapipa ya maji unayaweka wapi?

MzigoNatron
Mwisho kabisa, karibu na mlango wa bodi. Ni rahisi kushusha.

FundiKoili
Basi jibu unalo. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua. Yasogeze mapipa mbele, yaegemee kabini, hilo halina gharama. Maana yake pia kinacholaza pua ni ngao na winchi, na hivyo havishuki garini. Mifuko ya upepo ina faida pale uzito unapobadilika, leo umebeba, kesho mtupu. Nyuma ya Prado inaeleweka. Mbele kwako uzito ni ule ule mwaka mzima, sasa mpira unaoweza kutoboka wa nini? Chukua koili za daraja la ngao na winchi, na shokapu zinazoendana nazo. Koili ngumu inarudi kwa nguvu, shokapu ya zamani haitaiweza.

Chalbi_254
Old Man Emu, Dobinsons, Ironman, Tough Dog, zote ni za Australia na zote zina koili za 79. Mimi ningebana hela kwenye koili na kuimwaga kwenye shokabsoba. Nimefunga Koni Heavy Track, bodi yake ni nene, inabeba mafuta mengi, inachelewa kupata moto. Bei inauma. Na usisahau kupunguza upepo wa tairi kidogo na mwendo pia, hakuna shokabsoba ya kushindana na mguu mzito.

Dereva_Mstaafu
Mwanangu, usikubali wakuinulie zaidi ya sentimita 5. Hata hizo tano zinageuza ekseli na kukupunguzia kasta, yaani ule mlalo wa ekseli unaorudisha usukani katikati, digrii mbili hivi. Usukani unakuwa mvivu kurudi katikati na gari linatangatanga kwenye lami. Dai bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya ekseli siku hiyo hiyo. Na simama hapo hapo fundi anapofunga: bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba inakaa imejisokota na itachanika mapema.

MzigoNatron
Nimeelewa wakuu. Naagiza koili na shokapu, bushi za kasta juu yake. Alaimenti, kunyoosha magurudumu, nifanye siku hiyo hiyo?

FundiKoili
Siku hiyo hiyo kwa usalama, halafu urudie koili zikishakaa, baada ya safari chache. Pima sasa hivi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, uandike. Bila hivyo hutajua umepanda kiasi gani.

Bapa75
Samahani kudandia. Yangu ni HZJ75, mbele ina springi za bapa. Nikiongeza jani moja?

Dereva_Mstaafu
Fungua uzi wako kijana. Kwenye Land Cruiser za kazi nzito kama yako, koili za mbele zilianza na hizi 78 na 79 mwaka 1999, ya kwako ni habari nyingine kabisa. Weka na picha.