Msaada wadau: mwalimu ameikataa grafu yangu ya mruko wa elektroni

Binti wa Kahawa: Wadau, nasomea uzamili wa fizikia hapa Nairobi. Kwa kompyuta naiga nukta mbili za kwantamu (vijisehemu vidogo mno vinavyonasa elektroni) zilizopakana: elektroni inaruka kutoka moja hadi nyingine, nami nasoma mkondo kadiri ninavyobadilisha pengo la nishati kati yao. Kuwakilisha mazingira, nimetikisa nishati kwa namba za nasibu. Kilele kimepanuka, ila kushoto na kulia ni sawasawa kama mabawa ya kipepeo. Mwalimu ametazama mara moja akasema, "Haya si mazingira, ni kelele tu." Wiki tatu za kazi! Nimekosea wapi?

Fundi Baridi: Pole dada. Namba za nasibu hazijui joto. Huipa elektroni nishati kwa urahisi uleule zinavyoinyang'anya. Mazingira baridi ni kama kondakta wa matatu ya alfajiri: noti anapokea, chenji hana. Elektroni yenye nishati ya ziada huiachia fuwele inayoizunguka kama mtetemo, yaani fononi, ikaruka. Iliyopungukiwa hubaki stejini.

Piga hesabu. Kasi ya kupanda nishati ukiigawanya kwa ya kushuka unapata e kwa kipeo cha −ΔE/kT, ambapo ΔE ni pengo la nishati, T ni jotoridi na k ni kigezo cha Boltzmann. Pengo likiwa mikroelektronivolti 50 kwenye kelvini 0.1, kT ni kama mikroelektronivolti 8.6, na uwiano ni 0.003 hivi. Kwenye kelvini 4.2 unafika 0.87, hapo grafu yako ingekaribia ukweli. Toshimasa Fujisawa na wenzake walilipima jambo hili Delft, Uholanzi, wakachapisha 1998: penye baridi kali, mkia uko upande wa kutoa fononi.

Mama Saketi: Kweli kabisa, ila usizitupe namba zako. Chaji zilizonaswa kwenye kasoro karibu na nukta huhamahama polepole, na kila zikihama, ngazi za nishati husogea. Hizo ndizo hupanua kilele pande zote. Kokotoa mruko kwanza kwa uwiano huo, kisha chukua wastani wa msogeo. Ukivichanganya pamoja utarudi ulikoanza.

Binti wa Kahawa: Nimeirudia usiku kucha, na stima haikupotea. Kwenye 0.1 kushoto kumelala karibu na sifuri, kulia kuna mkia mrefu. Nikapandisha hadi 4.2, kushoto kukainuka! Asanteni sana. Mama Saketi, msogeo niuchukulie umbo la kengele?

Mama Saketi: Chaji zikiwa nyingi, kengele yatosha. Ikitawala moja tu, inayorukaruka kati ya sehemu mbili, kilele kitagawanyika kuwa viwili.