Sheria ya ustawi wa wanyama huku kusini anaisimamia nani?

Mtu wa Ndanda
Wadau salama? Juzi nimepanda basi Masasi naenda Mtwara, wakapakia mbuzi kwenye buti wamefungwa miguu, juu yao mabegi na ndoo, na joto lile mnalijua wenyewe. Mpaka Mtama tunawasikia wanalia, kufika Mnazi Mmoja kimya. Mama mmoja kamwambia konda, akajibiwa "si wanaenda kuchinjwa tu hao?" basi zima likacheka. Sasa Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ipo toka 2008, mbona sijawahi kusikia mtu kashikwa huku? Nikitaka kuripoti naenda wapi?

boda_wa_Newala
Mkuu umezoea kula supu bila kujua imefikaje. Mi nabeba kuku toka vijijini, nikiwaning'iniza natoa mzigo wote safari moja, nikiweka tenga naacha nusu na mafuta ni yaleyale. Tajiri anataka kuku, hataki hadithi. Wakifa njiani hasara yangu, kwa hiyo msidhani tunapenda.

Afisa Mifugo Kata
Nipo kwenye hii kazi, kata sitaji. Sheria inataja wakaguzi wa ustawi wa wanyama, ila huku chini mzigo wote ni wetu, mtu huyohuyo achanje, akague nyama machinjioni, aende kwa wafugaji, na pikipiki mbovu. Kinachoniuma ni kibali cha kusafirisha mifugo. Kimetoka kwenye Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, kwa hiyo pale getini wanauliza karatasi na ushuru basi, hakuna anayeshuka kuchungulia mnyama yukoje. Gari linasimama tayari, karatasi ishatolewa, hapohapo ungekagua kama wana hewa, nafasi na wamefungwaje, wala huhitaji bajeti mpya.

Mnyalu mhamiaji Lindi
Afisa hapo unawatengenezea watu ulaji mwingine. Mbuzi akibanwa itakuwa elfu tano, gari linaondoka, mbuzi bado yuko kwenye buti.

Afisa Mifugo Kata
Hiyo ipo sikatai, ndo maana nasema akaguliwe pale anapopakiwa, kabla kibali hakijagongwa muhuri. Aliyesaini jina lake linabaki kwenye karatasi.

Mtu wa Ndanda
Sawa, ila wale mbuzi sidhani hata walikuwa na kibali, walipakiwa stendi tu kama mabegi. Nifanyeje nikikutana nayo tena?

Afisa Mifugo Kata
Piga picha na namba ya gari, andika saa na mahali. Mwambie trafiki wa kituo kinachofuata maana yeye ana uwezo wa kusimamisha gari, halafu peleka halmashauri, idara ya mifugo, uliza daktari wa mifugo wa wilaya. Nenda asubuhi, mchana wengi tuko field.